Kaseti za Dansi Zinafifia

SWALI: Marehemu baba ameniachia kaseti za muziki wa dansi alizorekodi redioni na ukumbini Kariakoo. Nyingine zinafifia, nyingine zinayumba. Nizihamishieje kwenye kompyuta? Na nitazitambuaje bendi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu. Usicheze hata moja kabla ya kusafisha deki: chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, ufute hedi, kile kichuma cha deki kinachosoma utepe. Kaseti iliyolala miaka ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo uicheze.

Sauti ikififia, tazama kipande kidogo cha sponji nyuma ya utepe. Gundi yake huchoka kwa joto, sponji hubanduka, na utepe haugusi hedi vizuri. Toa sponji ya kaseti tupu, uihamishie hapo. Kuyumba kwa kawaida ni mpira wa deki uliolegea. Badilisha, ni kazi ndogo kwa fundi redio.

Unapoingiza kwenye kompyuta, kilele cha sauti kisipite desibeli -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodia, maana tarumbeta za dansi hupasua sauti ghafla. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. MP3, iliyobanwa, ni ya kugawia ndugu tu.

Kuhusu bendi, sikiliza jina la mtindo wa bendi linalotajwa kibwagizo kikichemka. Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanza 1978. Msondo ni NUTA Jazz, bendi iliyoanza 1964, baadaye ikaitwa Juwata, kisha OTTU. Ndekule ni Orchestra Safari Sound. Sauti ya mwimbaji peke yake haitoshi: Muhidin Gurumo aliimba kote huko.