Mashine ya zamani inachemsha: maswali yenu kuhusu maji

Wiki hii karibu wote mmeuliza kuhusu mashine za zamani za kufunga nyuma ya boti kuchemsha, basi nayajibu kwa pamoja.

Mashine imekaa stoo miaka sita, nimeiwasha ndani ya pipa la maji inanguruma vizuri ila haikojoi, yaani ule mchirizi wa maji ya kupoza hautoki nje. Nianzie wapi?

Izime kwanza. Hakikisha maji ya pipa yamepanda juu ya lile bapa lililo juu ya propela, alafu chukua waya mwembamba au nailoni ya kuvulia uchokonoe kitundu cha mkojo, maana wadudu wanajenga humo kwa udongo na chumvi nayo inaganda. Bado? Shusha gia boksi, ile sehemu ya chini yenye propela, ubadilishe impela, kile kigurudumu chenye mabawa ndani ya pampu ya maji, usibahatishe. Ile ni mpira, ikikaa muda mrefu mabawa yanabaki yamelala upande mmoja na kukakamaa, ukiishika mkononi unaiona nzima kabisa kumbe maji haisukumi. Ukiwa umeshafungua angalia na bati la chini na kikombe chake kama vina michirizi, na kile kipini kidogo kinachoifunga kwenye shafti, mi nimeshakuta impela mpya imetulia tuli shafti inazunguka peke yake kwa sababu kipini kilidondoka wakati wa kufunga. Na kama bawa limekatika kitafute kipande, kitakuwa kimepanda kwenye njia ya maji na kitaziba huko juu.

Nimeweka impela mpya, sasa hata yale maji kidogo ya mwanzo hayatoki!

Pole ndugu, hii inawakuta wengi. Wakati unapandisha gia boksi lile bomba jembamba la maji halikuingia kwenye mpira wake juu ya pampu, kwa hiyo maji yanamwagika ndani ya mguu wa mashine. Shusha tena, paka grisi ncha ya bomba, mulika na tochi wakati unapandisha. Kama ule mpira umepasuka weka mwingine.

Ya kwangu haina kitundu cha mkojo kabisa, kuna mtu alikiziba?

Hapana dada, nyingi za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani hivyo hivyo. Tazama nyuma ya mguu kwenye vitundu vya moshi, unatakiwa uone moshi umechanganyika na matone ya maji. Ikishanguruma dakika tano hivi dondoshea maji kidogo juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha silinda chenye plagi, yakichemka na kukauka papo hapo zima haraka.

Inakojoa vizuri tu lakini bado inachemsha, fundi kasema nitoe thamostati, kile kivalvu kinachofungua njia ya maji mashine ikipata moto, nitupe.

Usitupe! Mkojo unakuambia pampu inasukuma, haukuambii maji yamezunguka hedi nzima, na hapo ndipo watu wengi wanaua mashine nzuri. Thamostati itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto upashe taratibu, nyingi za zamani zinaanza kufunguka karibu nyuzi 60 za Selsiasi, isipofunguka nunua nyingine. Ukiiendesha bila hiyo mashine inabaki baridi mno, mafuta hayaungui vizuri, plagi zinachafuka. Ikiwa nzima, toa plagi uzilinganishe: moja ikiwa safi kama imeoshwa na nyingine nyeusi, maji yanaingia kwenye silinda na gasketi ya hedi, ule utando wa kuziba kati ya hedi na silinda, ndo mshukiwa wa kwanza. Kufungua hedi nenda polepole sana, bolti zilizokaa na chumvi miaka hamsini zinakatika kirahisi, zipulizie mafuta ya kulegezea kutu uziache usiku kucha, zikigoma zipashe moto kidogo. Ndani kwangua chumvi yote kwenye njia za maji kabla hujaweka gasketi mpya.

Naweza kuiwasha nchi kavu sekunde chache tu nisikie mlio?

Hapana kaka. Impela inalainishwa na maji yenyewe, sekunde chache hizo zinatosha kuichoma. Pipa la maji, kila mara.