Maombi 60 bila jibu: kwa mdogo wetu wa Wete

Waalaykum salaam. Kwa waliochelewa: mdogo wetu wa Wete, Pemba, ana stashahada ya uendeshaji hoteli. Tangu Februari ametuma maombi kwa barua pepe kwenye mahoteli 60 ya Unguja, yamejibu mawili tu, na yote yamesema "tutakutafuta". Sasa ni katikati ya Aprili na anauliza kama autupe utalii aende akauze mitumba, au kuna kitu anakosea. Waliotangulia wamemwambia asubiri, wengine wamemwambia bila mjomba hapati kitu. Subira ina pahala pake, na mjomba sikatai kwamba anasaidia. Lakini kwa alivyoeleza, kosa la kwanza ni tarehe.

Februari hoteli imejaa na wafanyakazi wake wapo kamili. Meneja anajua wiki chache mbele masika yanaingia, wageni watapungua, hoteli nyengine zitafunga kabisa Aprili na Mei kwa matengenezo, na mikataba ya msimu itakwisha. Hawezi kuajiri mtu mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu. Kwa hiyo barua yako ikisomwa au isisomwe, jibu lilikuwa moja. Kuajiri kunafanyika kwa wingi mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Juni kwa ajili ya msimu wa kusi, unaokwenda hadi Oktoba, halafu Oktoba mpaka katikati ya Novemba kwa ajili ya Disemba na miezi inayofuata. Nje ya hapo nafasi hutokea mtu akiacha kazi ghafla, na hiyo huchukuliwa ndani ya siku mbili tatu na aliye karibu. Siku chache baada ya Idi pia usizidharau, maana wapo wanaokwenda kwao kula sikukuu wasirudi.

Maana yake hujachelewa. Una kama wiki tano.

Tuanze na bahasha. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi (tazama tarehe ya kumalizika), cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne, cheti cha stashahada, picha mbili za pasipoti, na barua ya sheha wa shehia yako yenye muhuri na tarehe ya mwaka huu. Toa vivuli seti 10. Vyeti halisi unavionyesha na kuondoka navyo, humwachii mtu, hata akikwambia vinakwenda "ofisi kuu". Cheti cha kupimwa afya kinatakiwa kwa wanaogusa chakula, lakini usikimbilie kulipa kabla hujaitwa, kwani hoteli nyengine huwapeleka watu wao wenyewe kupima.

CV iwe ukurasa mmoja. Nyingi zinazopelekwa mahotelini zinaanza na dini, idadi ya ndugu na kupenda mpira, na lile analolitafuta mkuu wa idara liko ukurasa wa tatu. Juu kabisa, chini ya jina na namba za simu, weka mistari mitatu: kazi unayoiomba, siku unayoweza kuanza, na unakaa wapi au uko tayari kukaa nyumba za wafanyakazi. Huo wa tatu unaweza kuonekana mdogo lakini ndio unaoangusha wengi. Zamu ya jioni hotelini inamalizika saa 4 au saa 5 usiku, na wakati huo daladala zimeshakatika zamani. Mtu anaekaa Mwanakwerekwe, mjini, na kuomba kazi Matemwe, pwani ya kaskazini mashariki, bila kusema atalala wapi, meneja anamuona ni mtu wa kuchelewa tu.

Mazoezi ya vitendo yaandike kwa vitu vinavyohesabika. "Nilifanya mazoezi miezi mitatu" haimwambii mtu kitu. "Idara ya vyumba, miezi mitatu, vyumba 8 kwa siku, pamoja na wiki mbili dobi" inamwambia kila kitu. Andika hesabu yako ya kweli, maana utaulizwa. Na sentensi ya "naweza kufanya kazi yoyote" ifute leo. Unaiandika kwa unyenyekevu, ila msomaji anaelewa kwamba hujui unachokiweza. Kama unaomba vyumba na mapokezi, tengeneza CV mbili.

Wadhamini wawe wawili, mmoja awe aliyekusimamia kwenye mazoezi. Mpigie kwanza, mwambie jina la hoteli unayoomba. Mdhamini anaeulizwa ghafla akajibu "nani huyo?" amekumaliza.

Ukituma barua pepe, kila kitu kiwe faili moja la PDF lisilozidi megabaiti 2, lenye jina lako na kazi unayoomba. Picha 11 za vyeti zilizopigwa juu ya kitanda, moja imekatika pembeni, hazifunguliwi. Kichwa cha barua kisiachwe kitupu. Kuhusu simu: weka namba mbili, ya pili iwe ya mtu wa nyumbani anaepokea na anaejua kwamba unatafuta kazi, kwa sababu ofisi ikipiga mara moja ikakukosa inampigia anaefuata kwenye orodha. Namba ngeni ipokee, na kwa utulivu, usianze na "nani mwenzangu?"

Lakini barua pepe ndiyo njia dhaifu kuliko zote kwa kazi za ngazi ya chini na ya kati pwani. Bahasha inayofika mkononi mwa mkuu wa idara ina nguvu zaidi. Pwani moja siku moja: gari ya 116 inakupeleka Nungwi, na Kendwa iko jirani; 309 inakushusha Paje au Jambiani. Nenda Jumatatu mpaka Alkhamis, ufike getini baina ya saa 5 na saa 7 mchana. Kabla ya hapo mapokezi wanatoa wageni wanaoondoka na watu wa vyumba wako mbioni. Ijumaa kuanzia saa 5 kila mtu akili yake iko msikitini.

Askari wa getini usimpite kama nguzo. Yeye ndiye anaejua mkuu wa vyumba yupo au kaenda mjini, na jina lake ni nani. Msalimie kama unavyomsalimia mkubwa wako, mwambie shida yako kwa sentensi moja, na uliza mkuu wa idara unayoitaka. Usimuulizie meneja mkuu, hana haja na wewe bado. Ukiambiwa hayupo, acha bahasha na uandike kwenye daftari: hoteli, jina la uliyemkuta, tarehe. Baada ya siku saba piga: "Samahani, naitwa fulani, niliacha maombi ya idara ya vyumba Jumanne iliyopita. Nimepiga kujua kama mmeanza kuita watu wa msimu." Basi. Mara ya pili ni mwisho wa Mei. Zaidi ya hapo unakuwa kero.

Kwako wewe unaetoka Pemba kuna hesabu ya ziada. Usivuke kwa ajili ya hoteli moja iliyosema "njoo tukuone". Kusanya hoteli 10 mpaka 15, panga siku 10, piga hesabu ya boti kwenda na kurudi, gari za kila siku, chakula na vocha. Jambo la kwanza liwe mwenyeji wa Unguja, kwa kuwa gesti itaimaliza akiba yako kabla ya hoteli ya nne. Na ujue kwamba hoteli nyingi huanza na vijana wa kijiji kilekile, kupitia sheha wa pale. Msilalamike, hoteli iko kwenye ardhi yao. Njia ya mgeni ni ujuzi ambao kijijini haujapatikana, na wenye thamani kubwa kwa muda mfupi ni lugha. Kiwengwa na Pwani Mchangani Wataliano ni wengi tangu zamani. Mtu wa vyumba mwenye sentensi 30 za Kitaliano zinazohusu taulo, maji, ufunguo na saa anapita mbele ya mwenye cheti kikubwa anaebabaika. Sentensi 30 kwa wiki tano ni moja kwa siku.

Tuje kwenye majaribio, maana hapo ndipo wenye stashahada wanapoanguka. Idara ya vyumba haikuulizi nadharia. Unapewa chumba kichafu na mtu anasimama mlangoni na saa. Fungua madirisha, ondoa takataka na nguo chafu za kitanda, kisha ingia chooni umwage dawa na uiache ifanye kazi wakati wewe unatandika. Anaeanza na kitanda akamwaga dawa mwisho anajikuta anaisubiri, dakika zinakwenda. Shuka la chini livutwe mpaka lisiwe na mkunjo, kona zikunjwe kama bahasha na kuingizwa chini ya godoro, midomo ya foronya itazame upande usioonekana ukiwa mlangoni. Chandarua kifungwe kwa urefu sawa pande zote. Pitisha kiganja juu ya shuka ukitafuta unywele: mmoja tu unatosha kukufelisha. Vumbi linafutwa kutoka juu kwenda chini. Halafu kosa linaloangaliwa kuliko yote, ambalo watu hawaambiwi: kitambaa kilichogusa choo kisiguse sinki wala glasi. Ukionekana umekosea hapo, hata kitanda kiwe kama karatasi, umeondoka. Sakafu ni ya mwisho, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, na mchanga wa pwani ufagiwe mpaka uishe kabla ya kupitisha maji, la sivyo unatengeneza tope.

Ukiulizwa maswali, moja halikosekani: mgeni amekuja juu, maji ya moto hayatoki, unafanya nini? "Nitamuita fundi" ni nusu ya jibu. Msikilize mpaka amalize, omba radhi, mpe muda halisi ("ndani ya robo saa"), toa taarifa, kisha rudi mwenyewe kuhakikisha. Hilo la kurudi ndilo wanalolisubiri.

Umeuliza pia kuhusu pombe na mtandio, ukasema unaona haya kuyataja. Yataje, tena mapema, kwa sauti ya kawaida. Kama hutaki kuhudumia pombe, usiombe mgahawa wala baa ukitarajia kubadilishwa ukishaajiriwa. Utagombana na mkuu wako wiki ya kwanza. Vyumba, dobi, mapokezi, stoo, uhasibu na bustani havina mtihani huo, au unao kidogo sana. Mtandio uliza hivi: "Sare yenu inaruhusu mtandio wa rangi gani?" Swali la namna hiyo linajibika, na mahoteli mengi yana jibu tayari.

Pesa. Anaekutaka utoe chochote ili uajiriwe, iwe "fomu", "sare" au "chai ya bosi", achana nae. Wanaokuahidi Oman au Dubai, nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize kama wakala huyo amesajiliwa kabla hujampa pasipoti. Siku za majaribio ziulize kabla ya kuanza: ngapi, na zinalipwa au hazilipwi. Mbili tatu zinavumilika. Wiki mbili bila malipo wakati hoteli imejaa siyo majaribio tena, ni kibarua cha bure. Mkataba uwe wa maandishi, unaoonyesha mshahara, saa, siku ya mapumziko na tarehe ya kumalizika, na uulize lini watakusajili ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar). Chukua kivuli chako.

Serikalini sitarefusha, maana hukuuliza sana. Jisajili ZanAjira, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za Serikali ya Zanzibar, sasa hivi ukiwa umetulia, usingojee tangazo litoke ndipo uanze kuhangaika na mtandao siku ya mwisho. Weka vyeti kamili. Matangazo ya Tume ya Utumishi yamekuwa yakikataa wazi "transcript" (orodha ya alama) na "statement of result" (karatasi ya matokeo kabla ya cheti). Kama chuo hakijakupa cheti, hicho ndicho kiwe kiguu na njia chako wiki hii.

Mitumba unaweza kuuza jioni huku unatafuta, hakuna sheria inayokataza, na kusimamia pesa na wateja kunaingia kwenye CV ukikueleza vizuri. Ukishaitwa mahali, andika hapa jina la kijiji tu, tukwambie gari gani unapanda na ya mwisho inatoka saa ngapi.