'Get': neno nililokatazwa shuleni ndilo linalonipa kazi Dodoma

Habari za wiki, wapendwa. Juzi nimeandikiwa ujumbe na kijana wa Nkuhungu anayejiandaa na usaili wa kazi. Anasema alifungua kamusi kutafuta maana ya 'get', akakuta maelezo yasiyoisha, akaifunga. "Dada, wewe ni mkalimani. Nipe maana moja tu nitakayoishika." Nilianza kumjibu kwenye simu nikaona jibu linazidi kurefuka. Tena najua wengi mnaosoma hapa mnataka anachotaka yeye: ukae mbele ya jopo, uulizwe kwa Kiingereza, ujibu bila kuanza kutafsiri kichwani huku jasho linakutoka. Basi naliweka hapa lote.

Niseme mapema kwamba mimi na neno hili tumetoka mbali.

Nikiwa kidato cha tatu niliandika insha kuhusu wakulima wa zabibu. Niliandika 'the farmers get little money', na chini kidogo 'they get tired'. Daftari lilirudi limejaa wino mwekundu. Kila penye 'get' pamekatwa, juu yake pameandikwa 'obtain', 'receive', 'become'. Mwalimu hakuishia hapo. Aliisoma insha yangu mbele ya darasa, akasema hicho ni Kiingereza cha kivivu, Kiingereza cha sokoni. Darasa zima likacheka. Sentensi zile zilikuwa sahihi siku ile na ni sahihi leo, lakini mtoto wa shule ya kata atakata rufaa wapi? Nilinyamaza. Mpaka leo, mtu mzima na watoto wangu, nikikikumbuka kicheko kile moyo unachoma.

Sasa sikilizeni. Hivi karibuni nilikuwa Hombolo na wageni waliokuja kuwatembelea wakulima, mimi nikiwa katikati kama mkalimani. Mgeni wa kwanza kufungua mdomo aliuliza, 'How much do you get for a kilo?' Nikasema: mnapata shilingi ngapi kwa kilo? Mwingine akauliza, 'Does it get cold here in July?' Nikasema: mwezi wa saba huku kunakuwa na baridi? Akaja na 'How do you get the grapes to the factory?', nami nikauliza: zabibu mnazifikishaje kiwandani? Mama mmoja akafuata na swali kuhusu vibarua, 'Do the women get paid the same?', nikasema: wanawake wanalipwa sawa na wanaume? Mzee mwenye shamba alieleza kwa kirefu jinsi Dodoma inavyovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mgeni akatikisa kichwa: 'Ah, I get it.' Nikamwambia mzee: ameelewa.

Mnaona? Kiingereza kilitumia kitenzi kimoja, Kiswahili kikatoa vitano. Na katika mazungumzo yale yote hakuna mgeni aliyesema 'obtain'. Tulipomaliza, kiongozi wa msafara aliniuliza nimesoma Uingereza sehemu gani. Nikamjibu: Dodoma, shule ya kata. Nililisema hilo kichwa juu, na nalirudia hapa kichwa juu.

Kwa nini basi shuleni linadharauliwa? Nimelitafutia sababu, nikaikuta kwenye historia.

Mwaka 793 Waviking, mabaharia wa Skandinavia, walivamia monasteri ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza. Walianza kwa kupora, lakini baadaye wengi walikuja kukaa. Wakalima, wakaoa, wakafanya biashara, na upande wa kaskazini na mashariki wa nchi ile ukajaa vijiji vyao. Lugha yao, Kinorse cha Kale, na Kiingereza cha Kale zilikuwa lugha ndugu. Kinorse kilikuwa na kitenzi 'geta', maana yake kupata, kufikia, hata kuzaa. Waingereza nao walikuwa na ndugu yake, 'gietan', ila lao lilianza kwa sauti inayokaribia 'y' yetu, na kwa kawaida lilikuja limebandikwa kipande mbele, kama katika 'forgietan' na 'begietan'. Hiyo 'g' nzito tunayotamka leo ndiyo inayoonyesha kwamba neno lilipitia kwa Waviking. Kufikia mwaka 1200 hivi tayari linaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza.

Halikuja peke yake. 'Take' limetoka kwa watu haohao, na 'they', na 'egg', na 'window'. Hebu fikirini, 'they'! Neno la kusemea 'wao' huliazimi kwa mgeni anayepita. Unaliazima kwa jirani, kwa shemeji, kwa mtu unayegombana naye mpaka wa shamba kisha jioni mnakula pamoja. Nani asiyejua hili hapa Dodoma, ambako Mgogo, Mrangi na Msandawe wanakutana Soko la Majengo na kila mmoja anarudi nyumbani na maneno ya mwenzake?

Halafu ukaja mwaka 1066. William wa Normandy akashinda vita vya Hastings, na kwa miaka mingi baada ya hapo Kifaransa na Kilatini vikawa lugha za ikulu, mahakama na kanisa. 'Receive' na 'obtain' yalipita njia ya Kifaransa, 'acquire' lina asili ya Kilatini. Kwa hiyo 'get' lilikuwa neno la wanakijiji, na hayo mengine ni maneno ya watawala. Ule wino mwekundu kwenye daftari langu ulitoka mbali, wapendwa. Mwalimu yule alirithi dharau ambayo hata hakujua imeanzia wapi.

Na kama 'get' ni la kivivu, basi tuwaite wavivu wafasiri wa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Walipofika Mithali 4:7 waliandika 'get wisdom', kisha wakaongeza 'with all thy getting get understanding'. Kiswahili chetu hapo kinasema jipatie hekima. Neno likitosha kubeba hekima, linatosha kubeba bei ya zabibu.

Turudi kwenye ombi la maana moja. Ipo, na ni hii: 'get' ni kutoka hali moja kuingia nyingine. 'Have' na 'be' zinaeleza hali ulivyo sasa, 'get' inaeleza jinsi ulivyofika kwenye hali hiyo. 'I have a job', nina kazi. 'I got a job', nimepata kazi. 'I am tired', nimechoka tayari; 'I'm getting tired', naanza kuchoka. 'I am home', niko nyumbani. 'I got home', nimefika nyumbani. Ukishaona hilo, ule msitu wa kwenye kamusi unaanza kuwa na njia. Hata kuelewa ni kufika: jambo lilikuwa nje ya kichwa chako, sasa limeingia. Na hapa Kiswahili hakijatuacha yatima. Sisi wenyewe tunaambiana "nimekupata" au "unanipata?" tukimaanisha kuelewana, tunasema "sijapata kuona jambo kama hili", na kisu kikali tunasema kinapata. Kitenzi chetu nacho kina mabawa mapana. Anayesema 'get' ni neno ovyo kwa sababu lina maana nyingi, akalitazame kwanza 'pata'.

Linapotusumbua ni pale ambapo Kiswahili hakitumii 'pata' kabisa. Sisi mabadiliko tunayaweka ndani ya kitenzi chenyewe: kuchoka, kuzeeka, kupotea, kulewa, kulowa. Mwingereza anasema 'get tired', 'get old', 'get lost', 'get drunk', 'get wet'. Sisi tunatofautisha kuoa na kuolewa, yeye ana 'get married' kwa wote wawili. Kwa hiyo ukitafuta 'pata' kila mahali utakwama. Tafuta badiliko: kuna kitu kimetoka hapa kikaenda pale? Basi 'get' huenda ndiyo yenyewe.

Kipo kipengele kimoja ambacho kwenye usaili kinaweza kukuinua au kukuangusha, naomba mkae nacho. Ukisema 'I repaired the computers', umesema wewe ndiye fundi. Ukisema 'I got the computers repaired', umesema ulihakikisha zinatengenezwa, aliyetengeneza ni mwingine. Anayeomba kazi ya usimamizi anahitaji hii ya pili zaidi, na anayesema ya kwanza ataulizwa maswali ya ufundi asiyoyatarajia. Vivyo hivyo 'I got the farmers to sign' na 'I made the farmers sign'. Ya kwanza ina kushawishi ndani yake, wakulima walikubali. Ya pili ina harufu ya kulazimisha. Angalieni pia kwamba 'get' inadai 'to', 'make' haiitaki. Mwombaji wa kazi za maendeleo ya jamii, chagua ya kwanza.

Halafu kuna vile vijineno vinavyokuja nyuma yake, na hapo ndipo watu wanakata tamaa. Chukua usafiri. Chombo ambacho ndani yake unasimama na kutembea ni 'get on': basi, ndege, treni ya SGR. 'You get on the train in Dar es Salaam and get off in Dodoma.' Chombo ambacho unainama na kuingia kukaa ni 'get in': taksi, gari dogo, hata bajaji, na kutoka ni 'get out of'. Bodaboda unaikalia juu, kwa hiyo ni 'get on' tena, na 'get off'. Mengine nayapitia haraka: 'get by' ni kusukuma maisha kwa kidogo ulicho nacho, 'get along with' ni kuelewana na mtu, 'get rid of' ni kuachana na kitu au kukiondoa, 'get away with' ni kufanya kosa na usifanywe lolote, 'get over' ni kupona jambo lililokuumiza. Hilo la mwisho mimi bado nalifanyia kazi.

'Forget' nalo ni wa ukoo huu. Kile kipande cha mbele, 'for', kwa asili kinaashiria kupotea, kwa hiyo kusahau ni kuachia ulichokuwa umekishika. Na wale wanaosoma Mathayo sura ya kwanza kwa Kiingereza cha zamani, lile 'begat' linalojirudia, fulani akamzaa fulani, ni ukoo huohuo pia.

Ushauri wangu sasa. Acheni kukusanya maneno makubwa. Nawaona vijana wanakariri orodha za maneno mazito wakidhani jopo litashangaa, halafu wakiulizwa 'How did you get here this morning?' wanababaika. Shika neno dogo ulijue mpaka ndani. Usiandike 'get ni kupata' kwenye daftari. Andika sentensi nzima uliyoisikia, na chini yake uandike Mswahili angesemaje hapo. Sikiliza taarifa ya habari, sikiliza wageni wanapoongea, 'get' haikosi. Andika sentensi nzima. Narudia, sentensi nzima.

Lakini msije mkanielewa vibaya mkaandika 'get' kila mahali. Barua kwenda wizarani pale Mtumba ina lugha yake, na humo 'we received your letter' inakaa vizuri kuliko 'we got your letter'. Ripoti rasmi nayo hivyohivyo. Watawala wale wa Kinormani waliacha maneno mazuri, tuyatumie panapostahili. Ninachokataa ni kumwambia mtoto kwamba neno lake la mazungumzo ni uchafu. Walimu mnaosoma hapa, naomba kwa heshima zote: mkikuta 'get' kwenye insha na sentensi ni sahihi, iacheni. Kama mnataka ajue 'obtain', iandikeni pembeni na mmweleze inatumika wapi. Mtoto atakuwa na maneno mawili badala ya kubaki na moja na aibu.

Jambo la mwisho, maana najua litaulizwa: 'got' au 'gotten'? Waingereza wa leo kwa kawaida husema 'I have got', Wamarekani wanayo 'I have gotten' pia. Wengi hudhani 'gotten' ni uharibifu wa Kimarekani, kumbe ni umbo la zamani ambalo Uingereza kwa sehemu kubwa iliacha kulitumia na Marekani ikalitunza. Uingereza yenyewe bado inalo ndani ya 'forgotten', na ndani ya 'ill-gotten', mali ya dhuluma. Kwa Mmarekani 'I've got a car' ni nina gari, na 'I've gotten a car' ni nimepata gari, kwa hiyo kwake hayo si kitu kimoja. Sisi mitihani yetu inafuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, basi kwenye karatasi ya mtihani andika 'got'. Ila ukimsikia mgeni anasema 'gotten', usimsahihishe, na usiruhusu mtu mwingine amcheke.