Maswali na Majibu ya C: Kitanzi Humnasa Aliyekitega

Barua za safari hii kuhusu C, lugha ya kuandikia programu, karibu zote zinalalamikia vitanzi (sehemu za programu zinazorudiwa) visivyokoma, na karibu zote zinailaumu kompyuta. Ninaanza na hiyo.

Swali (Kisauni): Shikamoo, mwalimu. Ninajumlisha mauzo ya wiki kwa `while`, nami nimetumia `continue` ili kuruka siku ambazo duka lilifungwa. Programu haimaliziki. Je, kompyuta yangu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Kompyuta yako ni nzima. Umeiweka `i++`, inayoongeza `i` kwa moja ili kusogea siku inayofuata, mwishoni mwa kitanzi, chini ya `continue`. Kwa hiyo programu inapoifikia siku yenye mauzo sifuri, hurudi kwenye sharti la `while` bila kuipitia `i++`, na siku hiyo moja itakaguliwa mpaka umeme ukatike. Katika `for` jambo hili halitokei, kwa sababu `continue` hupitia kwanza sehemu ya tatu ya mabano, ambayo ndiyo `i++`, kisha ndipo sharti hupimwa. Katika `do ... while`, nako, `continue` hushuka hadi kwenye sharti lililo chini, wala hairuki juu kwenye `do` kama wengi wanavyodhani.

Lakini hukuniuliza swali lililo muhimu zaidi: `continue` hiyo inafanya nini hapo? Kujumlisha sifuri hakubadilishi jumla. Ifute, na kitanzi kitapona chenyewe. Nimekwisha kusema, na nitaendelea kusema, kwamba asiyeweza kueleza kwa sentensi moja kitanzi chake kinakoma lini hajawa tayari kuandika `break` (amri ya kutoka kitanzini) wala `continue`.

Swali (Likoni): Nina `for` ndani ya `for`. Je, `break` moja hunitoa katika zote mbili?

Jibu: La, hukutoa katika ile ya ndani tu.

Swali (Tudor): Nina menyu ndani ya `while (1)`, na ndani yake `switch` ya kuchagua kazi kulingana na namba iliyoandikwa. Mtumiaji akichagua 0 ninaandika `break`, lakini menyu inarudi tena. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu `break` hiyo ni mali ya `switch`. `break` hufunga kitanzi au `switch` iliyo karibu nayo zaidi, na hapo iliyo karibu ni `switch`. Kitanzi hakina habari. (`continue` ni kinyume chake: `switch` haiijui kabisa, hivyo ukiiandika humo itakwenda kwenye kitanzi cha nje.) Tumia kigeu (jina linalobeba thamani):

```c
int endelea = 1;
while (endelea) {
    /* onyesha menyu, soma chaguo */
    switch (chaguo) {
        case 0: endelea = 0; break;
        case 1: uza(); break;
    }
}
```

Usilione kosa hili kuwa la wanafunzi tu. Tarehe 15 Januari 1990, mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T huko Marekani ulivurugika kwa takriban saa 9, na mitambo 114 ya kuunganisha simu ikawa inazimika na kuwaka, kila mmoja ukiuangusha mwenzake. Chanzo kilikuwa tamko la `break` lililoandikwa ndani ya `if`, nayo `if` ikiwa ndani ya `switch`. `if` haina `break` yake, kwa hiyo programu ilitoka katika `switch` nzima na kuiacha kazi iliyobaki bila kufanywa. Kompaila (programu inayotafsiri C kwa ajili ya kompyuta) haikulalamika, kwa kuwa kisarufi hapakuwa na kosa.

Swali (Changamwe): Mwalimu wetu ameikataza kabisa `goto`, amri ya kurukia mahali pengine penye lebo. Je, ni haramu?

Jibu: Si haramu, ni makuruhu. Mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra aliandika barua yake mashuhuri dhidi yake mwaka 1968, na hoja yake ingali na nguvu. Hata hivyo, C haina `break` yenye lebo kama ya Java, na anayetaka kutoka katika vitanzi vitatu kwa mara moja hufanya vyema zaidi kuruka mbele hadi kwenye lebo moja kuliko kutawanya vigeu vitatu. Ruka mbele tu, usirudi nyuma. Katika mtihani, mtii mwalimu wako.

Swali (Bamburi): Programu yangu inauliza idadi ya mahamri. Mtu akiandika herufi badala ya namba, inauliza bila kikomo na haimsubiri ajibu.

Jibu: `scanf` (inayosoma anachoandika mtumiaji) yenye `%d` (ya namba nzima) ikikutana na herufi huiacha palepale na kurudisha 0, mzunguko unaofuata huikuta herufi ileile. Angalia thamani inayorudishwa: ikiwa 1, endelea, ikiwa `EOF` (alama ya mwisho wa ingizo), toka kwa `break`, kwa maana hakuna cha kusoma tena, ikiwa 0, safisha mstari, huku `c` ukiwa umeitangaza kuwa `int`, si `char`:

```c
while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF)
    ;
```

Nuktamkato hiyo iliyosimama peke yake ni ya makusudi, kwa kuwa kitanzi hicho hakihitaji mwili. Wale wanne mlioniandikia kwamba `for` yenu inachapa mara moja tu badala ya mara kumi, ya kwenu, iliyo mara baada ya mabano, si ya makusudi. Iondoeni.