Kichwa kikigeuka, macho yanafuata amri ya nani?

Maswali ya wasomaji safari hii karibu yote yamegusa macho na shingo. Nimechagua matano.

Nikitikisa kitabu siwezi kusoma, lakini kitabu kikitulia nikatikisa kichwa, nasoma vizuri tu. Mbona mtikisiko ni uleule?

Mtikisiko ni uleule, njia ndizo mbili. Kitabu kinapotikisika, habari lazima iingie kupitia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ipelekwe ubongoni, ndipo macho yaamriwe kukifuata. Safari hiyo hula kama sehemu ya kumi ya sekunde, na maandishi yameshahama.

Kichwa kinapotikisika, macho hayasubiri kuona chochote. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, yakapinda vinyweleo vya seli zilizomo. Habari hiyo huingia shina la ubongo, na kutoka hapo huenda moja kwa moja kwenye misuli ya jicho. Mnyororo mfupi kabisa una seli tatu tu za neva, na jicho huanza kugeuka upande wa pili ndani ya takribani milisekunde 10.

Jaribu hivi: kazia macho kitu kilicho mbele yako, yafumbe, geuza kichwa huku ukiendelea kukiwaza, kisha fumbua. Utayakuta macho yamebaki karibu palepale, ingawa hayakuwa yakiona kitu.

Hilo shina la ubongo ni lipi, na linayapelekaje macho mawili pamoja?

Ni ile sehemu nyembamba inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Kutoka juu kwenda chini kuna ubongo wa kati, ponsi, kisha medula. Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na misuli hiyo hutumikiwa na neva tatu: ya 3, ya 4 na ya 6.

Sasa tazama kushoto. Jicho la kushoto linavutwa kwenda nje na neva ya 6, ambayo kituo chake kipo kwenye ponsi. La kulia linavutwa kuelekea puani na neva ya 3, yenye kituo juu zaidi, kwenye ubongo wa kati. Ili yaende sawia, kile kituo cha kwenye ponsi kina seli zinazovuka kwenda upande wa pili na kupanda hadi kwa mwenzake. Waya huo ukidhurika, kwa mfano kwa kiharusi, jicho la kushoto huenda lakini la kulia hukwama katikati, na mgonjwa akaona vitu viwiliviwili. Mletee kidole karibu na pua, na mara nyingi jicho lilelile litaingia ndani bila shida. Msuli ni mzima. Kilichokatika ni mawasiliano.

Kama jicho hupingana na kichwa kila mara, tunawezaje kugeuka kumtazama mtu aliye pembeni?

Hili ndilo swali nililolipenda zaidi. Nyuma ya ubongo wa kati kuna vilima viwili vya juu, na seli zake zimepangwa kama ramani ya mazingira yako. Eneo fulani la ramani likichangamka, amri inayotoka ni “tazama pale”; kazi ya kugawana kati ya jicho na shingo inafanywa huko chini.

Kitu kikiwa pembeni kidogo, macho huenda peke yake. Kikiwa mbali zaidi, tuseme kupita digrii 20, kichwa nacho hujiunga. Macho ni mepesi, yanaweza kupita digrii 500 kwa sekunde, hivyo mara nyingi hufika kwanza. Katika kipindi hicho kifupi ule upinzani wa sikioni hupunguzwa. Macho yakishafika huku kichwa kikiwa bado njiani, upinzani unarudi, na macho yanarudi taratibu katikati ya tundu zake. Mwangalie mtu anayeitwa kutoka pembeni, utayaona yote haya.

Kwenye ponsi kuna pia seli walinzi ambazo hupiga kelele muda wote macho yametulia, na hunyamaza pale tu yanaporuhusiwa kuruka. Bila kizuizi hicho macho yangeyumbayumba ovyo.

Mtu anaweza kuupoteza mfumo huu akaishi?

Anaweza. Mwaka 1952 daktari mmoja aliandika katika jarida la tiba jinsi dawa ya streptomaisini ilivyomharibia viungo vya msawazo vya masikioni. Ili asome kitandani alilazimika kukibana kichwa kwenye vyuma vya kitanda, maana hata mapigo ya moyo yalirusha herufi. Akitembea hakuweza kutambua nyuso za watu mpaka asimame.

Nimepata miwani mipya. Nikigeuza kichwa sakafu inaogelea. Nimepewa lenzi mbovu?

Huenda si lenzi. Miwani hukuza au hupunguza picha, kwa hiyo kiasi cha zamani cha kugeuza jicho hakitoshi tena, au kinazidi. Serebela, iliyo nyuma ya shina la ubongo, huona kosa hilo na kurekebisha kipimo. Ivae mfululizo, usiivue kila saa. Baada ya wiki mbili sakafu ikiwa bado inaogelea, rudi kwa aliyekupima.