Ripoti ya mchana, daftari la jioni

Wadogo zangu mlioripoti kituo cha kazi mwaka huu, hasa ninyi wa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri, nina maneno machache kuhusu kuandika. Chuoni hawakuwaambia kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni karatasi. Vijijini mtakwenda, na akina mama wa vikundi mtakaa nao, lakini kila safari ina ripoti yake, kila kikao kina muhtasari, kila ombi la mafuta ya pikipiki lina dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kuombea kibali. Na najua wengi wenu mna maandishi yenu wenyewe: mashairi, hadithi, kumbukumbu, yale maneno marefu ya usiku kwenye simu. Mnaniuliza kama ya ofisini hayataua hayo mengine.

Hayataua. Yakichanganywa ndipo yanapoharibiana.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Umetumwa kufuatilia kikundi cha ufugaji wa kuku ambacho marejesho yake yamekwama. Ripoti yako ataisoma mkuu wa idara, itakwenda kwa mkurugenzi, pengine itafika kwenye kamati ya fedha. Baada ya miaka kadhaa mkaguzi atalifungua jalada lile, na wewe utakuwa umeshahamishiwa mkoa mwingine. Mkaguzi hakujui wala hana haja na ulivyojisikia siku ile. Anatafuta kijiji, tarehe, kiasi kilichotoka, kiasi kilichorudi, sababu ya pengo, na nani aliahidi kulipa lini. Ukimwandikia kwamba "imebainika kuwa baadhi ya wanakikundi wanakabiliwa na changamoto mbalimbali" umemaliza wino bure. Andika, kwa mfano: "Kuku 120 kati ya 200 walikufa kwa kideri mwezi Machi, hawakuwa wamechanjwa." Sentensi hiyo inampa mtu wa mifugo kazi ya kufanya kesho yake.

Hiyo "imebainika" siipendi kabisa. Kama wewe ndiye uliyeingia bandani ukahesabu, sema umehesabu. Wanaoipenda ni wale ambao hawakushuka kwenye gari.

Sasa, katika safari ile ile umeona mengine. Mtunza hazina anaweka mahesabu ya kikundi kwenye kurasa za nyuma za daftari la mwanawe wa darasa la nne. Mwenyekiti amegoma kukaa kwenye kiti mlichompa, akisema mdaiwa hakai mbele ya serikali, kisha wenzake wote wakacheka na yeye akacheka zaidi yao. Ripoti haina mahali pa hayo. Ukiyasukumiza humo mkuu wako atayakata, na mimi nitakuwa upande wake. Ila usiyaache yapotee. Nunua kaunta buku, iwe yako, ikae nyumbani, uandike jioni hiyo hiyo. Kesho utakumbuka kwamba alisema kitu cha kuchekesha, lakini maneno yenyewe yatakuwa yameshakwenda. Na huko kwenye kaunta buku acha lugha ya ofisi mlangoni. Nimesoma mashairi ya vijana yenye "suala zima la mapenzi" ndani yake. Hapo ujue ofisi imekufuata mpaka chumbani.

Msidhani haya ni mageni. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaufanya hadi 1944, kisha akaendelea na ajira nyingine za serikali. Kazi ile haikumzuia kutunga. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizokuja kukusanywa, zinaanzia 1931 hadi 1958, kwa hiyo nyingine aliziandika akiwa bado karani wa forodha. Mimi huwa nadhani kushinda na nyaraka ambazo kosa moja la tarakimu lina kesi kulimsaidia kupima maneno. Siwezi kuthibitisha, lakini kwangu ripoti zimefanya hivyo: zimenipunguzia sifa na vielezi.

Kuna mpaka mmoja sitaki muuchezee. Mnayoyajua kuhusu watu mmeyajua kwa sababu ya cheo. Nani anadaiwa, nani anaishi na ugonjwa gani, ndoa ya nani ina mgogoro: mengi ya hayo mmeambiwa kwa kuwa mlikuja na barua ya halmashauri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kijiji ni kidogo. Ukibadilisha jina tu na kuacha duka la kona, kilema cha mguu na watoto pacha, kila mtu amemjua. Ukitaka kuitoa hadithi hadharani, mwombe mwenyewe, au ivunje uijenge upya mpaka yeye mwenyewe akiisoma asijione. Manung'uniko dhidi ya bosi nayo yabaki kwenye kaunta buku. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, ila picha ya skrini haifutiki.

Muda je? Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na ripoti zinadaiwa kila robo, kwa hiyo mwisho wa Juni usijilazimishe kutunga. Mstari mmoja kwa siku unatosha.

Jambo la mwisho. Ukishajulikana kwamba unaandika vizuri, utaandikishwa kila kitu. Risala kwa mgeni rasmi, kubali. Kazi za chuo za mtoto wa mkubwa fulani, kataa kwa adabu, sema uko safarini. Na itakuja siku mwenzenu kafariki, uambiwe uandike wasifu wa marehemu. Hapo maandishi yako yote mawili yanahitajika kwa pamoja. Tarehe ya kuzaliwa, shule, vituo vya kazi na vyeo vichukue masijala, kwenye jalada lake, kisha hakiki na familia, maana majina ya watoto hukosewa mara nyingi na kosa hilo husomwa kwa kipaza sauti. Ukimaliza hayo, tafuta kitu kimoja ambacho waliofanya naye kazi tu ndio wanakijua, kitu alichokuwa akikifanya, na ukieleze bila kukipamba. Kimoja kinatosha, jua ni kali na watu wamesimama. Chapa kwa herufi kubwa, kwa sababu atakayesoma si wewe, na huenda miwani kaisahau nyumbani.