Mgeni akikuuliza “How long does it take?”

Sentensi iliyonifundisha ilikuwa na maneno manne tu: “We have two hours.” Niliitamka kwenye njia ya Machame, mlimani Kilimanjaro, mwaka wangu wa pili nikiwa msaidizi wa mwongoza watalii. Tulikuwa tumeshaupanda ukuta wa mwamba wa Barranco, tunaelekea kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mama mmoja mtu mzima, mgeni kutoka Uingereza, akaniuliza bado mwendo gani. Kichwani jibu lilikuwa tayari kwa Kiswahili, “bado tuna saa mbili”, nami nikalivusha neno kwa neno.

Kuanzia hapo mama alibadilika. Aliacha kusimama kunywa maji, akaacha kupiga picha, akawapita wenzake. Nilidhani amepata nguvu mpya, nikafurahi. Kabla ya Karanga kuna bonde: unateremka hadi kwenye kijito ambacho wapagazi huchota maji ya kupeleka hadi kambi ya Barafu, kisha unakabili mpando wa kukata pumzi hadi kambini. Aliupanda kama mtu anayewahi basi la mwisho. Jioni kichwa kikamuuma, akatapika, chakula kikamshinda. Asubuhi hali ilikuwa ile ile, tukamteremsha. Kilele hakukiona.

Kiongozi wetu aliniita pembeni. “Ulimwambia nini njiani?”

“Nilimwambia tuna saa mbili, kaka.”

“Saa mbili za nini?”

Sikuwa na jibu. Mama alikuwa ameelewa kwamba tumepewa saa mbili, na zikiisha tumechelewa. Mlima una sababu nyingi za kumrudisha mtu, na siwezi kusema mwendo ule peke yake ndio uliomwangusha. Lakini haraka ile niliitia mimi, kwa kitenzi kimoja.

Ninawaandikia vijana wanaoingia kazi hii, na yeyote anayepokea wageni kwa Kiingereza: shikeni tofauti ya “have”, “take” na “need” panapotajwa muda. “Have” ni muda ulio mkononi mwako, unaoweza kuutumia na unaoweza kukuishia. “Take” ni muda unaoliwa na kazi yenyewe, uwe nao au usiwe nao. “Need” ni muda ambao usipokuwepo, kazi itaharibika. Mgeni anaweza kuwa na siku tano za likizo, njia ikala siku sita, na mwili wake ukahitaji saba ili uzoee hewa nyepesi. Ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa huwashauri watu waichukue Machame kwa siku saba badala ya sita. Kwa Kiingereza unamwambia: “You need time to get used to the altitude.” Nilichotaka kumwambia yule mama ni “It'll take us two hours”, au “We have two hours to go”. Maneno “to go” ni madogo, lakini ndiyo yanayobeba maana ya “zimebaki”.

Kwenye “take” ndiko ninakowasikia wenzangu wengi wakijikwaa. Tunasema “We used seven hours to reach the top”, kwa kuwa Kiswahili chetu kinasema tulitumia saa saba. Mgeni ataelewa, ila atasikia kama tumezitumia saa zile kwa hiari, kama fedha. Yeye angesema “It took us seven hours to reach the top.” Ile “it” ya mwanzo inawasumbua watu, wanatafuta inasimama badala ya nini. Haisimami badala ya kitu. Sisi wenyewe tunasema “inabidi nirudi” na “ilinilazimu kungoja”, na hakuna anayeuliza ile “i” ni ya nani. Ukiiona hivyo, sentensi inakaa mdomoni bila kupigana nayo: “it took”, kisha mtu, kisha muda, kisha “to” na kitenzi. It took me three days to get better. It takes the porters half the time. Na ukiulizwa kwa “how long does it take”, jibu kwa kitenzi hicho hicho; usihamie kwenye “have” kama nilivyohamia mimi.

Kuna tatizo jingine hapo hapo, nalo linatuhusu sisi hasa. Saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza, Kiingereza kinazihesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo tunapishana kwa saa sita. Zaidi ya hapo, “saa mbili” kwetu ni saa ya kwenye ukuta na ni urefu wa muda pia. Nimemsikia kijana akiulizwa safari itachukua muda gani, akajibu “two o'clock”. Mgeni akatazama saa yake, ilikuwa bado asubuhi, akakaa chini kwa kukata tamaa. Walimu wa Kiswahili hukemea “masaa mawili”, na kwa sarufi wana haki yao. Lakini mlimani nimewaambia wasaidizi wangu waseme “muda wa saa mbili” kila wanapomaanisha urefu, hata wanapozungumza wao kwa wao, ili akili izoee kutenganisha kabla ya kuvuka kwenda Kiingereza. “Two hours” kwa urefu, “at two” kwa saa, na hiyo “at two” ya mchana kwetu ni saa nane.

“Sina nafasi” nalo lisivushwe jinsi lilivyo. “I don't have space” ni kukosa mahali pa kuweka begi. Sema “I don't have time”. Kikifuata kitendo, weka “to”: “We don't have time to stop here.” Likifuata jina la kitu, weka “for”: “We have time for tea.” Na mgeni akikuuliza “Do you have the time?”, kwa hiyo “the” katikati, anataka kujua ni saa ngapi; mwoneshe saa. Bila “the” anauliza kama una nafasi.

Sasa “take your time”. Hii naipenda kuliko zote, na naomba uitumie sana. “Pole pole” wageni wote wanaijua wakifika siku ya pili, na wengine wameshaizoea mno, haiwaingii tena. “Don't hurry” ina sauti ya kukaripia, hasa kwa mtu mzima. “Take your time” inampa mtu ruhusa. Inamwambia muda ni wake na hakuna anayemdai. Unaweza kuiongezea kitendo: “Take your time getting up”, usimame taratibu. Au ugeuze kidogo: “Take time to drink.”

Sikio nalo lifundishwe. Mwingereza hasa hupunguza shida yake anapoisema. “I just need a minute” si sekunde 60, ni ombi la kupumzika, na ukisimama ukihesabu utamwonea. Akilisema mara tatu ndani ya nusu saa, ongea na kiongozi wako. “I'm having a hard time” haihusu saa kabisa; anakuambia amelemewa. Hapo mwache atulie, kisha muulize kichwa, tumbo, na kama jana alilala.

Mimi nilijifunza kwa kuzitamka sentensi nzima kwa sauti nikiwa peke yangu njiani, bila kukariri kanuni, mpaka “it'll take us” ikatoka kama salamu. Vijana wangu nawafanyisha hivyo hivyo tukiwa tunashuka, mizigo imepungua na roho zimetulia. Namuuliza mmoja ni muda gani kutoka hapa hadi lango la Mweka, tunakotokea, naye lazima ajibu kwa sentensi kamili.

Usiku wa kilele, karibu saa sita, tunapotoka Barafu kuelekea Stella Point, ukingoni mwa kreta, wageni huuliza lile lile wakiwa wanafunga zipu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Nawasogelea mmoja mmoja ili wanisikie kwenye upepo: “It'll take us about six hours to get to Stella Point. We have all night. Take your time.” Kisha nageuka, natangulia, na hatua zangu nazifanya fupi.